Sufuria la Bi Tausi

Ilianza siku ya Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, chini ya bati la jiko la kituo cha mapokezi, pale Bwana Lyimo alipoita jina la Tausi na mwanamke ambaye hakuwa Tausi akaitika, "Abee." Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya Bwana Lyimo nimeshika kalamu ya akiba, na saa ya ukutani ya stoo ilikuwa mbele ya macho yangu. Jioni yake niliiandika kwenye shajara yangu, mstari mmoja tu, kisha nikashindwa kuendelea. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa mtu wa kuandika kwa sababu kusema kulinishinda. Wakiwepo watu watatu tu mbele yangu, sauti ilinikimbia ikaenda kujificha huko kifuani, na kadiri nilivyoitafuta ndivyo ilivyozidi kurudi ndani. Shangazi yangu, ambaye nilikuwa nakaa kwake Ujiji, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu Konsolata si bubu, ila anaweka akiba."

Nimeyakumbuka yote haya kwa sababu ya msiba. Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Dodoma kwenda kumzika Bi Tausi. Nilifika Ujiji watu wakiwa wameshatoka makaburini, nikapitia uani kama ilivyo kawaida ya mwanamke aliyechelewa, nikakuta akina mama wamezunguka masufuria ya wali, moshi umejaa mpaka huoni nani ni nani. Mmoja akasahau. Alitaka chumvi, akaita kama alivyozoea kuita miaka yote, "Tausi!" Akajishika mdomo. Ndipo kutoka kwenye moshi ikaja sauti ya kizee, taratibu kabisa, "Abee." Alikuwa Mwamini, mdogo wa marehemu. Wakacheka, wakalia, wakaendelea kukoroga. Mimi nilibaki nimesimama na mkoba wangu mkononi, mimi ambaye siku hizi ndiye meneja wa rasilimali watu, mimi ambaye kazi yangu ni kukaa upande ule wa meza, na kwa muda nilisikia tena ile Jumatano ikinipanda mgongoni.

Ulikuwa mwaka ambao vita vya ng'ambo vilivuka ziwa. Maboti yalikuwa yakifika Kibirizi asubuhi na jioni, mengine ya injini, mengine ya makasia, yamejaa watu na magodoro na mbuzi na cherehani. Waliokuja waliandikwa majina, wakapewa uji, kisha wakapakiwa kwenye malori yaliyopanda barabara ya Kasulu kupitia Kidahwe kwenda makambini. Shirika lililosimamia kituo kile lilikodi nyumba ya mfanyabiashara mmoja mlimani, ikawa ofisi. Mji ulibadilika. Vijana waliokuwa wakishinda wamekaa Kasingirima wakawa madereva na walinzi, na kila asubuhi kwenye geti la kituo palikuwa na kundi la watu wenye vyeti kwenye mifuko ya nailoni, wanangoja mtu atoke aseme kuna nafasi. Mimi nilipata kazi kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na Kiingereza changu cha shule kilikuwa kinasimama. Aliyenifanyia usaili ni Bwana Lyimo, afisa utumishi, mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono. Nilijibu maswali yake yote kwa kunong'ona. Mwishoni akasema, "Unaandika vizuri. Sauti tutaitafuta." Akaniweka kwenye kipindi cha majaribio.

Chumba chetu kilikuwa zamani chumba cha kulala. Bado palikuwa na ndoano ya chandarua darini, na Bwana Lyimo alitundika hapo koti lake la mvua. Kulikuwa na meza mbili, taipureta, feni iliyokuwa ikigeuza shingo kama kuku, na dirisha moja lililotazama ziwa. Ukutani aliweka ubao mdogo mweusi, na kila siku baada ya chakula cha mchana aliandika juu yake neno moja la Kiingereza la kazini. Aliamini, na alinifanya niamini, kwamba mtu akiyajua maneno yale hawezi kuonewa. Siku ya kwanza aliandika probation. "Hapa ndipo ulipo wewe," akaniambia. "Wanakutazama, nawe unawatazama. Wakikuridhia, inakuja hii." Akaandika confirmation. Siku nyingine shortlist, siku nyingine vacancy, siku nyingine grievance, yaani lalamiko, ambalo nililipenda kwa sababu lilisikika kama mtu anayeguna. Neno moja lilimchukua mchana mzima kunieleza: mitigating circumstances. "Ni mambo yanayolipunguza kosa uzito," alisema. "Mtu amevunja sheria, sawa. Lakini kabla hujamhukumu unauliza, alikuwa amesimama wapi alipoivunja? Afisa utumishi asiyeuliza hilo ni karani tu." Nilikwenda nalo nyumbani Ujiji, nikalirudia nikichambua dagaa wa shangazi, mpaka akaniuliza naomba dua gani hiyo.

Bi Tausi alikuwa mpishi wa sufuria la tatu. Jiko lilikuwa na masufuria manne makubwa yaliyopangwa mstari juu ya mafiga ya matofali, na kila moja lilikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyewaambia hivyo. Kwenye karatasi waliandikwa wapishi wanne, basi. Lakini waliyagawana siku ya kwanza, na tangu hapo sufuria la tatu lilikuwa la Tausi kama vile nyumba ni ya mtu. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, wa Ujiji hasa, mjane wa mvuvi, na alikuwa akiuonja uji kwa kuumwagia kiganjani. Akina mama wa Kongo waliopita kituoni wakingoja malori walikuwa wakijipanga kwenye foleni yake hata ikiwa ndefu kuliko nyingine. Mimi aliniita "mtoto wa ofisi". Nikishuka asubuhi na Bwana Lyimo kuita majina, alinipa kikombe kwa siri, akasema, "Kunywa, mwanangu. Kalamu haishibishi."

Asubuhi ile ya Jumatano, mara yetu ya kwanza kushuka wiki ile, Bwana Lyimo hakuishia kuita majina. Alikuwa ameagizwa alinganishe nyuso na picha za vitambulisho, kwa sababu wiki chache kabla walinzi walikuwa wamemkamata mtu aliyeingia stoo ya unga kwa kitambulisho cha kununua. Akaita, "Tausi." "Abee," akaitika mwanamke kwenye sufuria la tatu, mrefu, mwembamba, mwenye mwanya. Bwana Lyimo akatazama picha, akamtazama mwanamke, akatazama picha tena. "Wewe ndiye Tausi?" Wapishi wengine watatu wakadakia kabla hajamaliza. "Ndiye huyo huyo, Bwana Afisa." "Amekonda tu, homa." Mmoja akaongeza, "Na amerefuka kidogo." Watu wa foleni wakacheka. Bwana Lyimo hakucheka. Alinyoosha mkono akakichukua kitambulisho shingoni mwa yule mwanamke, na yule mwanamke, akiwa bado na mwiko mkononi, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa nani anakoroga?"

Ilijulikana saa ile ile. Alikuwa Mwamini, na Bi Tausi alikuwa amelala kwake Ujiji na malaria tangu Jumapili. Alimtuma mdogo wake ashike sufuria mpaka apone. Kwa watu wa pale hilo halikuwa jambo la kuficha, na wapishi wale walisema uongo kwa sababu waliona afisa amekasirika, si kwa sababu walijua kuna kosa. Huko ziwani mvuvi wa kipe, wale wanaovuta wavu mmoja kwa pamoja usiku, akiugua, ndugu yake hupanda boti. Hakuna anayeulizwa. Anakaa palepale pa mgonjwa, anavuta kamba ileile, na samaki wa mgonjwa wanakwenda nyumbani kwa mgonjwa. Wanasema anamshikia. Asiye na wa kumshikia ndiye anayepoteza nafasi, kwa sababu ameiacha tupu, na kuiacha tupu ni kuwatupa wenzako majini na nyavu nzito. Bi Tausi aliyajua hayo kabla hajajua kuhesabu. Nami niliyajua, maana nilikulia kando ya ziwa lile lile. Ila kwenye ubao wa Bwana Lyimo mchana ule yaliandikwa maneno yasiyoyajua mambo hayo. Impersonation. Chini yake gross misconduct. Chini yake, akibonyeza chaki mpaka ikavunjika, summary dismissal. "Maana yake?" akaniuliza bila kugeuka. Nikanong'ona, "Kufukuzwa papo hapo. Bila notisi." "Kikao ni kesho saa nne," akasema. "Utatafsiri wewe. Kinachosemwa, hicho hicho. Huongezi, hupunguzi."

Ukuta kati yetu na ofisi ya mkuu ulikuwa wa hadibodi. Mkuu alikuwa Bwana Henrik, Mzungu mrefu ambaye magoti yake yalikuwa hayaingii chini ya meza, na jioni ile, nikiwa naweka kifuniko cha taipureta, nilimsikia akizungumza na Bwana Lyimo kwa Kiingereza. Hakuwa akipiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema leo mpishi, kesho dereva, keshokutwa mlinzi wa stoo, na siku hiyo watu wanaovuka ziwa hawatakuwa na unga. Alisema lazima wengine waone. Bwana Lyimo alisema, "Ndiyo." Kisha akaongeza, "Ni mpishi mzuri." Bwana Henrik akajibu kwamba hilo silo linaloulizwa.

Shangazi alikuwa amepika ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, chakula ambacho kwa kawaida sikiachii mtu, lakini tonge lilinigomea. Nikamweleza. Alisikiliza huku akitoa miiba. "Tausi ana watoto wanne na mama mkwe kipofu," akasema. "Wote wanakula kwa sufuria hilo. Na wewe umo kwenye majaribio."

"Ndiyo, shangazi."

"Yanakwisha lini?"

"Ijumaa."

"Basi ulipewa kazi ya kutafsiri, hukupewa uwakili. Kesho uwe bomba. Maji yaingie huku, yatokee huku." Akanisogezea kichwa cha samaki, sehemu ambayo hampi mtu ovyo. Halafu, kana kwamba anaendelea na mazungumzo mengine, akasema, "Ila na bomba nalo, likiziba, watu hawanywi." Sikumwelewa, na sijui kama alitaka nimwelewe.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya nidhamu tangu wakati ule, vyenye viyoyozi na chupa za maji, lakini kila mtuhumiwa anapofungua mlango naona chumba kile: meza ya mninga yenye alama za vikombe, mafaili mawili, Bwana Henrik amekaa ubavu, Bwana Lyimo kalamu mkononi, mimi kwenye kigoda katikati. Bi Tausi aliingia akiwa amejifunga kanga mbili, macho ya njano, bado anatoka jasho la homa. Nyuma yake Mwamini. Bi Tausi alipiga magoti kidogo, akapiga makofi yale ya taratibu ya kusalimia, akasema, "Mwakeye." Akarudia kwa Bwana Lyimo, "Mwakeye, baba." Bwana Henrik aliyatazama makofi yale kama mtu anayengoja yaishe. Bwana Lyimo akasoma shitaka kwa Kiingereza, nami nikaligeuza kwa Kiswahili, kila neno, kwamba amemruhusu mtu mwingine kujifanya yeye, na kwamba hilo ni kosa kubwa ambalo adhabu yake ni kuachishwa kazi siku hiyo hiyo. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Kisha Bwana Henrik akauliza ana nini cha kusema.

Bi Tausi akainamisha kichwa. "Nimekosa, baba zangu. Nisameheni."

Mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba hapo bado hajasema kitu. Mbele ya mkubwa unaanza kwa kuomba radhi, hata kama umeitwa kupokea zawadi. Ni kama kuvua viatu mlangoni. Lakini niliambiwa nisiongeze, nami sikuongeza. Nikasema kwa Kiingereza kwamba anasema amekosa na anaomba asamehewe. Kalamu ya Bwana Lyimo ikatembea. Bwana Henrik akafunga faili lake, taratibu, kwa viganja vyote viwili, akasema kwamba kama amekiri basi hakuna la kujadili. Nikamgeukia Bi Tausi. "Anasema umekiri. Anasema basi hakuna la kujadili."

Alininyanyulia uso. Sijawahi kuona mtu akishangaa namna ile. "Lakini mwanangu," akasema, "mbona bado sijaanza?"

Mkono wa Bwana Henrik ulikuwa tayari juu ya meza, anataka kuinuka. Niliambiwa kinachosemwa, hicho hicho. Nikakisema hicho hicho. "She says she has not started." Akauliza, hajaanza nini? Akakaa tena.

Basi Bi Tausi akaanza. Alisema homa ilimkamata Jumapili akashindwa kusimama. Alisema maboti yalikuwa yanaingia, na watu wa maboti wanafika na njaa ya siku nyingi, na sufuria lake linalisha foleni nzima. Kwa hiyo akamwita mdogo wake, akamwelekeza kipimo cha unga, akamwambia aoshe mwiko kwa majivu, akamvika kitambulisho ili mlinzi asimsumbue. Bwana Henrik alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo nadhani liliulizwa na moyo wake wenyewe, si cheo chake: kwa nini hakukaa tu nyumbani? Mkataba wake una likizo ya ugonjwa. Angetuma neno, angekaa, hakuna ambaye angemgusa. Nilipoligeuza, Bi Tausi na Mwamini walitazamana. "Nikae nyumbani?" akasema Bi Tausi. "Niliache sufuria tupu?" Akaigeukia meza kama mtu aliyeambiwa avue nguo. "Mimi sijafanya ubaya wa namna hiyo tangu nizaliwe."

Nilitafsiri. Nikaona maneno yanafika kwa Bwana Henrik yakiwa maiti. Alitikisa kichwa, si kwa hasira, kwa uchovu, na mkono ukarudi kwenye faili. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikitokea katika chumba kile. Watu hawa wawili walikuwa wanakubaliana kwamba kuna kosa kubwa na kosa dogo, ila kosa kubwa la mmoja ndilo kosa dogo la mwingine, na hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Nikamtazama Bwana Lyimo. Hakuinua macho. Sauti yangu ilikuwa imeshaanza safari yake ya kurudi ndani, nikaikamata mkia.

"Bwana Henrik," nikasema kwa Kiingereza, "naomba kusema jambo ambalo si tafsiri."

Kalamu ikasimama. "Konsolata," akasema Bwana Lyimo kwa sauti ya chini. Lakini Bwana Henrik alikuwa amegeuka, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe alinitazama mimi na si mahali nilipo. Nikasema kuna mitigating circumstances. Nilisikia neno lile likigonga ukuta wa hadibodi likarudi. Nikaeleza habari za wavuvi, vibaya, nikichanganya nyakati, nikirudia rudia. Nikasema ofisini mtu akikosa kuja kwa ruhusa ni sawa, na akimtuma mwingine ni kosa. Kwa Bi Tausi, akituma mwingine ni sawa, na akiacha pengo ndilo kosa. Nikasema hakutaka kuidanganya ofisi. Alitaka kuilinda kazi isianguke.

Bwana Henrik akamwuliza Bwana Lyimo, "Ni kweli?" Bwana Lyimo aliweka kalamu mezani. Angeweza kusema si kweli, tukaondoka. "Sijui," akasema. "Mimi si mtu wa hapa. Yeye ni wa hapa."

"Lakini kwa nini aliitika?" akauliza Bwana Henrik. "Aliitwa kwa jina la mtu mwingine, akaitika. Mwulize huyo."

Mwamini alikuwa hajafungua mdomo tangu aingie. Alijibu mara moja, kama mtu anayeulizwa njia ya sokoni. "Hakuniita mimi, mwanangu. Aliita mwenye sufuria. Nami ndiye nilikuwa kwenye sufuria. Ningenyamaza, si wangeandika Tausi hayupo?"

Bwana Henrik alijipangusa shingo. Nadhani alitaka kucheka, na nadhani aliogopa. Alisema hatamfukuza. Atasimamishwa kazi wiki mbili bila malipo, na hilo ni onyo la mwisho. Kisha akainua kidole, akanitazama ili nisikose neno: kama kesho au siku yoyote atakuta kwenye sufuria lile mtu anayeitikia jina lisilo lake, basi Tausi amekwisha, hakuna kikao.

Nilidhani tumeshinda. Nje, kwenye ngazi, nilimweleza Bi Tausi tena polepole, nikimshika mkono uliokuwa wa moto. Hakufurahi. "Kwa hiyo kesho sufuria langu nani?"

"Hakuna mtu, Bi Tausi. Wiki mbili, halafu unarudi."

Akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyeletewa taarifa ya kifo. "Wiki mbili tupu," akasema. "Mwanangu, si bora wangenifukuza nikajua moja?" Nikamwambia ofisi si boti, nafasi yake imeandikwa. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na ubao mzima wa maneno kichwani. Lakini niliporudi ndani, nikiwa nimeinama juu ya taipureta, ukuta ule mwembamba ukanipa mengine. Bwana Henrik alikuwa akimwambia Bwana Lyimo kwamba maboti matatu yanatarajiwa asubuhi. Kama jiko litalemewa bila mpishi wa nne, aite mtu kutoka getini, amwajiri moja kwa moja. Bwana Lyimo akauliza, na Tausi akirudi? Wataona kama bado kuna nafasi. Vacancy. Bi Tausi hakujua neno hilo, ila alikuwa ameshaliona kutoka kwenye ngazi.

Bwana Lyimo alitoka, akachukua koti lake kwenye ndoano ingawa hapakuwa na mvua. Akasimama mbele ya ubao akafuta yale maneno matatu, vumbi la chaki likamwagikia viatu vyake. "Kesho Ijumaa naandika taarifa yako ya majaribio," akasema. "Umesema mara moja, nimekusikia." Nilingoja aseme kama ni vizuri au vibaya. Hakusema. Hakuandika neno la siku pia.

Asubuhi yake niliondoka Ujiji kabla shangazi hajawasha moto. Nilikuwa nimevaa sketi yangu ya ofisini na nimekunja kanga kwapani. Kibirizi maboti mawili yalikuwa yameshafika, la tatu linaonekana kwa mbali, na foleni ilikuwa imezunguka stoo. Masufuria matatu yalikuwa yanatoa mvuke. La Tausi limefunikwa kifudifudi, mafiga yake baridi. Nikalipindua. "We mtoto wa ofisi, umepotea?" akasema mpishi wa sufuria la pili. "Mikono ya kalamu hiyo, itababuka." Mwingine akacheka, kisha akaona nachota majivu kuosha mwiko, akaacha kucheka, akanisogezea ukuni unaowaka. Nilipima unga kama nilivyomsikia Bi Tausi akieleza kikaoni. Niliunguza kidole, nikaendelea. Mama mmoja wa Kongo, mtoto mgongoni, alichungulia sufuria kisha akanichungulia mimi. "Mama Tausi eko wapi leo?" Nikamwambia anaumwa, atarudi.

Bwana Lyimo alishuka na daftari lake la mahudhurio. Nyuma yake Bwana Henrik, aliyekuja mwenyewe kutazama maboti, na nyuma yao kijumba cha geti, watu wenye mifuko ya nailoni wakichungulia kupitia waya. Bwana Lyimo aliita la kwanza, likaitikiwa. Akaita la pili. Alipofika la tatu aliniona, na kwa kitambo nilidhani ataliruka. Hakuliruka.

"Tausi."

Miiko ikasimama. Sauti ikataka kwenda mahali pake pa zamani, nikaizuia hapo hapo kooni.

"Konsolata," nikasema, na nilisema kwa nguvu mpaka watu wa getini wakageuka. "Namshikia."

Sikungoja kuona ataandika nini. Nilijifunga kanga vizuri kiunoni, nikawageuzia mgongo wote wawili, nikakoroga kwa mikono miwili, maana uji ulikuwa umeshaanza kushika chini.